Salamu Maria ya Baba Askofu

Mama Fundi, mshonaji wa mavazi ya misa, hakuwa na haya na Mungu. Kila jioni rozari ikiisha, kabla mtu hajainuka, aliongeza Salamu Maria moja na ombi lake: "Bwana, mchukue mmoja wa watoto wetu akutumikie." Kisha alimtupia jicho kifungua mimba wake, naye mumewe akakohoa ili asicheke.

Kijana huyo alianza kuitwa Baba Askofu akiwa bado ananyonya. Alishonewa kanzu ya kutumikia altareni kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Shule ilipoisha, Baba Askofu alijiendea zake gereji, na mpaka leo yuko chini ya malori, oili hadi viwikoni, na mafundi wenzake wanamwita jina lile lile.

"Mama," alimwambia siku moja, "aliyekuwa ananiita ni wewe. Mungu mwenyewe alikaa kimya."

Mama Fundi alinuna wiki nzima. Lakini Salamu Maria yake hakuiacha. Alidhani Mungu anachelewa tu.

Binti yao, mdogo wake Baba Askofu, hakuna aliyemwangalia. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya cherehani, maana macho ya mama yalikuwa yamekwisha na tundu la sindano alilijua kwa jina tu. Uzi ukikatika, binti aliutunga. Alipiga pasi kasula za mapadre, akaitikia sala. Mama alikwisha kumpangia yote: kurithi cherehani, kuolewa hapo hapo jirani, wajukuu wa kuchezea vifungo. Alisahau kwamba mtoto wa kike naye ana masikio.

Siku aliposema, walikuwa wakipinda kitambaa cha altare.

"Mama, nimekubaliwa kwa masista wa ndani."

"Wale wasiotoka?"

"Wale wale."

"Hata nikiugua?"

"Hata ukiugua, mama. Nitakuombea."

Mama Fundi alikwenda mbio kwa paroko, akiomba binti aambiwe kwamba bado ni mdogo. Paroko alimshika mikono yote miwili.

"Hongera sana, mama! Umeomba miaka yote hii, na Mungu amesikia. Jumapili nitawataja, familia nyingine ziige."

Angesema nini? Kwamba aliomba kweli, ila si huyu? Kwamba alimaanisha yule wa gereji? Alishukuru, akatoka, akakaa kwenye ngazi za kanisa akalia kama mfiwa. Waliopita walidhani ni furaha, wakampa mkono.

Masista waliagiza binti aje na gauni la kijivu, refu, lisilo na urembo. Na nani mwingine angelishona? Mama Fundi alikata kitambaa, akaunga mabega, akatia mikono. Alijivuta kadiri alivyoweza, lakini gauni halikumwonea huruma, likaendelea kukamilika. Alipofika kwenye upindo wa chini, uzi ulikatika.

Alijaribu kuutunga mwenyewe. Aliulamba, akausokota, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Ukapita pembeni. Akarudia, ukapita pembeni. Mumewe alinyoosha mkono amsaidie, lakini naye hakuliona tundu. Chumba cha pili, binti alisikika akifunga sanduku lake.

Mama Fundi alikaa na ule uzi mkononi mpaka akakosa la kufanya.

"Mwanangu," aliita, "njoo unitungie uzi."