Ukilima Shamba la Mtoni

Binamu yangu wa Awendo aliniazima riwaya ya upelelezi isiyo na jalada. Nilikuwa nimefika pale mtu anapopokea barua ya onyo isiyo na jina, na mpelelezi, kabla ya kuisoma, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Wiki hiyohiyo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, barua kama hiyo ilipenyezwa chini ya mlango wetu, karibu na Rodi Kopany.

"Mjane, ukilima shamba la mtoni, usije ukamlaumu mtu."

Shamba hilo ndilo lililotulisha tangu baba afariki. Mvua ilikuwa karibu, na mama alikuwa ameazima plau na ng'ombe wa jirani kwa Jumapili.

"Bado tutalima?" nilimuuliza.

"Kwani barua inashika ng'ombe pembe?"

Lakini nilimwona akiikunja na kuikunjua, mara tatu.

Nikaiomba, nikaiinua dirishani. Karatasi ilikuwa na mikwaruzo ya kalamu iliyokandamizwa kutoka ukurasa wa juu yake. Nilipaka vumbi la makaa kwa kidole, taratibu, na maneno yakajitokeza meupe: ubeti wa wimbo ambao kwaya ya kanisa letu la Sabato ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujifunza.

Wanakwaya walinakili nyimbo kwenye madaftari yao. Ijumaa, mazoezini, niliwaomba waniazime, nikisema nataka kunakili ule mpya. Katika daftari la baba mdogo, binamu wa marehemu baba, ukurasa uliofuata wimbo huo ulikuwa umechanwa. Niliweka barua pale. Ikaingia kama jino kwenye ufizi.

"Tumpeleke kwa wazee!" nilimwambia mama.

"Wazee watakaa vikao mpaka mvua iishe. Niachie mimi, nyathina, mwanangu."

Jumamosi, kwaya ilipojipanga, mama, naye mwanakwaya, alimkabidhi baba mdogo daftari lake kwa mikono miwili.

"Shemeji, mtoto ameshamaliza. Asante."

Baba mdogo alifungua penye wimbo. Barua ilikuwa hapo, nyeusi kwa makaa. Ubeti wote wa kwanza sauti yake haikusikika; mama aliimba kwa nguvu hadi mwalimu wa kwaya akamwashiria apunguze. Hakupunguza.

Jumapili, umande haujakauka, mama alishika plau mwenyewe, mimi nikawaongoza ng'ombe. Tulikuwa kwenye mtaro wa nne baba mdogo alipopita njiani.

"Mmeanza mapema, shemeji."

"Tumechelewa," mama alijibu, bila kusimamisha ng'ombe.