Kwato Zilizoota Upya

Jumamosi, mwezi wa saba, 1956. Ukungu haukuondoka hadi saa nne, na majani ya bondeni yalikuwa meupe kwa barafu.

Leo nimelipiza. Sijui kama naandika vizuri, shule yangu iliishia darasa la nne, lakini nitajaribu kusema haki.

Mwaka jana kwato za farasi jike ninayemtunza kwenye shamba la Mzungu, huku milimani juu ya Nyololo, zilianza kumeguka kama mkate mkavu. Misumari ya viatu vyake haikushika. Nyapara, ambaye ni Mngoni, akamwambia Bwana mbele ya watu wote: "Huyu Mhehe anamsimamisha farasi kwenye mkojo. Arudi kwao akachunge panya!" Watu wakacheka. Wahehe na Wangoni ni watani, ningekasirikaje? Lakini Bwana hajui utani. Akanipa mwaka mmoja: kwato zipone au niondoke na familia yangu.

Bwana mifugo aliyekuwa akipita kwenda Mbeya aliinua mguu wa farasi, akanusa, akasema mkojo hauhusiki. Kosa ni chakula: pumba tupu zinamnyima chokaa mwilini. Nimpe lusani, yale majani mabichi ya kulishia mifugo, chumvi na chokaa ya mifugo kidogo, halafu nisubiri, maana ukwato huota kutoka juu kwenye manyoya, polepole kama kucha.

Kila alfajiri nilikata lusani, vidole vikifa ganzi. Kila ukwato mzuri uliposhuka kidogo, niliuona uso wa nyapara.

Leo mhunzi amepigilia viatu, na kila msumari umeshika. Bwana akasema nitabaki. Nikamwita nyapara mbele ya watu walewale.

"Mtani, njoo unuse. Mkojo uko wapi?"

Akainama, wakamzomea. Akainuka taratibu. "Haya, mtani, umeniweza. Na pumba nani alikuwa akimpa?"

"Si ni wewe uliyeniamuru!"

Kicheko kikamfunika. Bwana akamtazama vibaya. Naye nyapara angekasirikaje? Ni utani.

Haki ni hii: hakuniamuru. Pumba nilimpa mimi, kwa kuwa kwetu hunenepesha nguruwe, nikadhani mnyama ni mnyama. Tena yeye aliwahi kuniambia nipunguze. Mchana nilikwenda nimweleze Bwana. Nilifika mlangoni, nikarudi. Utamu wa kulipiza ulikuwa bado mdomoni.

Jioni tumekula ugali na maharage. Mke wangu ametia samli, kwa sababu hatuhami.