Fundi Aliyeuliza Kuhusu Vifaranga

Fundi aliniuliza neno la siri la laptop yangu, nami nikaliandika kwenye kikaratasi, kwa sababu kulitamka mbele ya watu watatu waliokuwa wakingojea simu zao kulinishinda. Akalisoma kwa sauti. Halafu akakata kipande cha selotepu ya karatasi, akaliandika tena kwa kalamu nzito, akakibandika juu ya kifuniko.

"Ndio nisisahau, siste," akasema.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kufikia mwisho wa likizo ya Agosti nilikuwa nimeipeleka kwake mara tatu, na kila mara nilirudi nyumbani nikiwa na sababu mpya ya kumshuku.

Laptop yenyewe niliachiwa na shangazi alipopata nyingine kazini. Ndani yake niliweka shajara tangu kidato cha pili. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali mwalimu husema, "Leta sauti," na sauti haiji. Basi niliandika kila kitu humo: siku niliyojifanya mgonjwa ili nisisimame kwenye mdahalo, sala nilizofumbua macho nione nani mwingine amefumbua, hasira zangu kwa mama anayefanya kazi Syokimau na kupitisha Jumapili nyingine bila kupiga simu. Hakuna mtu aliyewahi kusoma. Hata Susu, nyanya yangu ninayeishi naye, aliambiwa ni kazi ya shule.

Ilianza kwa kuchemka. Meza ya Susu ilipata joto hadi upande wa chini, kisha mashine ikajizima katikati ya sentensi. Fundi akaipuliza, akapaka dawa yake ya kijivu, akasema imekula vumbi la hapa Katangi. Siku nne ikawa sawa. Ikachemka tena, na safari hii kioo kikabaki cheusi. Akatoa kitu kidogo mfano wa rula iliyovunjika, akakisugua kwa raba ya penseli, akakirudisha. Ikawaka.

Lakini nilipofika nyumbani niliona mwanga wa kioo umeongezwa. Nikawaza: mtu anayetengeneza joto anaongeza mwanga wa nini, kama hasomi?

Nikamtegea mtego. Juu kabisa ya shajara niliandika, "Wewe unayesoma hapa, aibu kwako." Halafu nikaanza kuamini kwamba atakayesoma hayo atacheka tu na kuendelea. Nikaamini pia kwamba anaiharibu kidogo kila mara anapoitengeneza, ili imrudie ikiwa na habari mpya. Hayo nayo nikayaandika. Niliandika kwamba fundi ana macho ya mtu anayefungua barua za wengine kwa mvuke wa chai.

Wiki hiyohiyo mwewe alimchukua kuku wa Susu na kuacha vifaranga wanane. Kulikuwa na baridi, ile ya manyunyu yasiyojaza hata sufuria. Susu aliwatia kwenye katoni, akazunguka nalo nyumba nzima akitafuta mahali pa joto. Jiko alilikataa, kwa sababu mwaka uliotangulia katoni lilishika moto. Akafika nilipokuwa naandika, akaweka kiganja ubavuni mwa laptop.

"Hii kitu inapumua moto, na sisi tunauacha upotee bure?"

Akatoboa katoni kwa kisu, akalisukuma mpaka likagusana na laptop. Vifaranga wakajipanga upande ule, wakanyamaza.

"Ona," Susu akasema. "Leo hiyo masomo yako imetusaidia."

Niliwaandika wote wanane, hata yule mwenye mguu mbovu aliyekuwa akisukumwa nyuma. Ulikuwa ukurasa wangu wa furaha katika likizo ile.

Siku ya tano ya vifaranga kulala hapo, feni ya laptop ilinyamaza kabisa. Nikaipeleka asubuhi, nikarudi alasiri. Fundi alikuwa amenipa mgongo, laptop imefunuliwa tumbo mbele yake. Bila kugeuka akasema:

"Siste, vifaranga wanaendelea aje?"

Sikuwa nimemwambia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, ila kule ndani. Kwa hiyo alikuwa amesoma, na kama alikuwa amesoma vifaranga alikuwa amesoma ya mama, na ya mdahalo, na yake mwenyewe.

Nilimwomba aiwashe kidogo, nataka kutoa kitu. Akakaza skrubu mbili tu.

"Dakika tano. Ikizidi itajizima."

Hazikufika tano. Nilifuta folda nzima, nikaenda kule faili zinakotupwa nikafuta na huko. Mwaka mmoja na nusu. Nilijisikia mshindi.

"Niendelee sasa?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikashika njia. Nilikuwa mlangoni aliponiita.

"Hebu kuja uone."

Kwa kibano alikuwa akivuta kitu kutoka kwenye feni, akakipanga kwenye kifuniko cha chupa. Manyoya. Laini, ya njano, mengine yameungua ncha.

"Nilijua tu mko na vifaranga," akasema. "Ya kuku mkubwa iko na mfupa katikati. Hii ni ya mtoto. Kwani mnawalaza wapi, juu ya keyboard?"

Mama mmoja aliyekuwa akingojea simu alicheka hadi akashika ukuta. "Huyo fundi angekuwa daktari wa mifugo," akasema.

Mimi nilikuwa nikiangalia yale manyoya.

"Kitu kikifutwa," nikasema, "kinaweza kurudi?"

Akainua uso. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliisikia sauti yangu vizuri.

"Kama hujaandika kingine juu yake, kinaweza. Lakini kinarudi bila jina, namba tu. Itabidi nifungue moja moja nijue gani ni yako na gani ni takataka ya mashine."

Nilikuwa nimefuta ili asisome, na sasa ili kurasa zirudi ilibidi asome.

"Nitafungua mwenyewe," nikasema.

"Kiti ni kimoja."

"Basi niachie."

Sikusema hata tafadhali. Alirudisha feni, akaweka mashine itafute, na ilipomaliza akainuka, akasimama mlangoni akitazama kinu cha posho ng'ambo ya barabara. Hata hivyo niligeuza kioo, maana kabati la vioo la simu lilikuwa nyuma yangu, na mtu aliye mlangoni akitaka anaweza kuona humo.

Nyingi zilirudi. Nyingine zilikuwa vijisanduku na alama za kuuliza. Ukurasa wa vifaranga ulirudi mzima. Wa fundi na mvuke wa chai nao ulirudi mzima, bila kukosa koma. Barua niliyokuwa nimemwandikia mama ilirudi nusu, ikakatika kwenye "Ungepiga hata". Sikumbuki niliimalizia vipi.

"Zimerudi?" fundi akauliza akiwa bado ametazama nje.

"Zimerudi."

Kabla ya kuondoka nilibandua ile selotepu kwenye kifuniko, nikaitia mfukoni. Akaniona.

"Ungeiacha tu. Mimi hata paswadi yangu huwa naisahau."

Pengine ni kweli. Nilibadilisha neno la siri jioni hiyohiyo.

Vifaranga sasa wanaota joto kwenye chupa ya maji moto iliyovikwa soksi, na Susu bado analalamika kwamba laptop inapoteza joto bure. Haya nayaandika kwenye daftari, kwa mkono. Alipita hapa sasa hivi akauliza naandika nini. Nikamwambia kazi ya shule. Akauliza tena kama nimeona miwani yake. Nikasema sijaiona.

Iko chini ya daftari.