Mama Tae-rim na Mitungi ya Kikundi

Nyumba yangu na ya Mama Tae-rim zinatenganishwa na ukuta wa mawe unaonifika kifuani. Kwa hiyo mengi ninayoyajua juu yake sikuyauliza, niliyaona.

Mwanawe, Tae-rim, alikufa Desemba ya mwaka juzi, gari lake lilipoteleza kwenye barafu darajani. Alikuwa mtoto wa pekee. Baada ya mazishi tukawa na tatizo ambalo hakuna aliyelitamka: tumwiteje mama yake? Watu wakaanza kumwita "wewe", au "dada hapo", au "yule wa paa la buluu". Nami nilifanya hivyo. Nina mwanangu, Jun-o, wa umri uleule anayefanya kazi Busan, na niliogopa kwamba nikilitaja jina la marehemu asubuhi, simu ingelia jioni. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitungi. Kikundi chetu cha akina mama kina mitungi ishirini na mitatu nyuma ya ghala, na kila Siku ya Farasi ya mwezi wa kwanza, siku ya bahati kwa kalenda ya kale, tunalowesha vitofali vya maharage ya soya yaliyochachuka kwenye maji ya chumvi ili tupate sosi ya mwaka. Mama Tae-rim alikuwa akionja yale maji kwa ncha ya kidole na kusema, "Bado," na hakuna aliyebishana naye. Lakini mwenye msiba hagusi mitungi mwaka mzima. Aliutii utaratibu huo bila neno. Desemba iliyopita mwaka ukatimia. Tukangoja Mwenyekiti amrudishe, na Mwenyekiti akakaa kimya.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hata yeye hakuuliza. Siku moja kabla ya Siku ya Farasi nilimwona akimenya vitunguu, nikamwita ukutani.

"Umeambiwa chochote?"

"Nimeambiwa nipike tambi."

"Tambi?"

"Za watu kumi na wanne. Na nikate figili."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikauliza wanapenda nyembamba au nene."

Niliingia ndani nikaufunga mlango kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Kesho yake maji ya chumvi yalikuwa tayari kwenye mapipa, yametulia tangu jana, taka zimekaa chini. Aliyeyatengeneza ni Mama Se-a, mwanamke mchangamfu, mdogo kwetu kwa miaka kumi, ambaye amepewa mitungi tangu msiba na ameipenda. Alichukua yai akalitia kwenye maji kupima kama chumvi imetosha. Likaelea, likaonyesha utosi wa ukubwa wa sarafu, kama inavyotakiwa. Wanawake wakapiga makofi kidogo. Wakati huohuo Mama Tae-rim alitoka jikoni na sinia la chai ya shayiri. Akasimama, akalitazama yai.

"Hilo limetoka wapi?"

"Kwa kuku," alisema Mama Se-a, na watu wakacheka.

"Lini?"

"Kwani ningemwomba cheti?"

Wakacheka tena. Mama Tae-rim hakucheka. Nikamwombea kimoyomoyo asinyamaze.

"Yai jipya hulala," akasema. "Hilo limesimama wima kama mlinzi wa benki. Limezeeka, limejaa hewa. Litaelea hata kwenye maji ya kuoshea miguu."

Mwenyekiti, dada yetu Wol-seon, alikuwa akifunga aproni. Hakugeuka.

"Wewe, rudi jikoni, tambi zitashikana. Maneno ya mkosi tusiyaseme mbele ya mitungi."

Mama Tae-rim akaliweka sinia juu ya mfuniko wa mtungi, jambo ambalo mwenyewe asingemruhusu mtu kulifanya, akatoka nje ya lango. Basi, nikajiambia, amekwenda kulia. Nilikasirika nao, nikamkasirikia na yeye, na nilijikasirikia mimi niliyesimama pale na ndoo kama mti.

Hakwenda kulia. Alirudi na yai mkononi, bado lina unyoya uliogandia. Aliinama akaliachia taratibu kwenye pipa. Likalala ubavu, likazama, likazama, kisha likarudi juu kidogo likabaki limefunikwa na maji. Akatia kidole, akaonja.

"Bado," akasema. "Na ni chungu. Chumvi gani hii?"

"Nilipima kwa bakuli lako," alisema Mama Se-a, uso umemwiva. "Idadi ileile. Niliiandika."

"Bakuli ni lilelile. Chumvi si ileile. Ile ya kwetu ilikaa ghalani miaka mitatu ikachuruzika maji yake machungu. Hii ni mpya, nusu yake maji. Mtafungua mitungi majira ya joto mkute wadudu."

Mwenyekiti akatazama jua apime muda uliobaki, kwa sababu Siku ya Farasi nyingine ingekuja baada ya siku kumi na mbili.

"Basi," akasema, "basi, we... dada wa pale... wewe wa..."

"Mama Tae-rim," alisema mwenyewe. "Ni jina refu kidogo, lakini zamani mlikuwa mkiliweza."

Mtu alikohoa. Mwenyekiti akasema magunia ya chumvi ya zamani yaletwe, bila kumwita jina lolote.

Tulikoroga, tukachuja na kujaza mitungi hadi saa nane mchana. Tambi zilishikana kweli, tukazikata kwa mkasi tukala mabonge. Mama Se-a alinong'ona, na si kwa sauti ndogo sana, kwamba mtu mwenye nia njema angesema jana. Mwishoni Mwenyekiti alisema, "Asanteni nyote," akaenda zake. Nyote! Nilirudi nyumbani nikiwa na maumivu ya mgongo na ya roho.

Mitungi hufunikwa siku tatu. Siku ya nne, jua likitoka, msimamizi huja kuifunua ili sosi ipate mwanga. Siku hiyo jua lilitoka mapema. Mama Tae-rim alikuwa amekaa barazani, amevaa koti na buti, anaitazama barabara. Saa mbili. Saa tatu. Nilishindwa kuvumilia.

"Wanangoja nini kukuita?"

"Muulize Mwenyekiti."

"Na wewe unangoja nini?"

"Usinisukume, Mama Jun-o." Alisema kwa ukali, kisha akazitazama buti zake. "Zaidi ya mwaka nimekaa hapa nimevaa, nangoja waje wanichukue. Utadhani bibi harusi."

Akainuka, akachukua taulo kavu, akaenda. Nami nikamfuata kwa mbali, nikijifanya ninakwenda dukani.

Alianza na mtungi wa mwisho, ule wa karibu na mti wa matunda. Alikuwa amefunua tisa Mama Se-a alipofika akihema.

"Mwenyekiti amesema nije mimi."

"Umechelewa," alisema Mama Tae-rim, bila kusimamisha mkono. "Shika taulo ufute kingo. Zisilowe."

Mama Se-a alisimama amevuta mdomo, akamtazama, akanitazama na mimi nje ya uzio kana kwamba nina cha kumsaidia. Sikuwa nacho. Akalichukua taulo.