Mzigo Wenye Kovu Mgongoni

Nichekeni tu, nimestahili. Kampuni binafsi ilipochukua kazi ya mizigo hapa uwanja wa ndege, mimi wa Bariadi, mwenye diploma, nilipewa usimamizi ili niwaondoe wavivu.

Nikampata Mzee Masunga, mfugaji wa Bukundi. Wenzake wakipakia, yeye anasimama, mikono nyuma, anaitazama mizigo ikipita. Nikaketi, nikaandika: "Aachishwe kazi."

Ndege ikataka kuondoka. Karatasi yangu ilionyesha mizigo imetimia.

"Haijatimia," akasema Masunga. "Begi jekundu, lenye kovu mgongoni, halijapita."

Hakuhesabu. Aliijua mizigo kama anavyowajua ng'ombe wake. Jicho lile sijaliona kwa msomi yeyote!

"Sasa liko wapi, mzee?" nikafoka.

Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Samahani, bosi. Umelikalia."