Pamba ya Kushoto

"Kiuno cha mteja wangu hata mumewe hakijui, mpaka aje aniulize mimi, na mimi simwambii." Fundi aliyasema mwenyewe, kipaza sauti mkononi, mbele ya mkutano mzima wa mafundi cherehani, na makofi yakapigwa mpaka mwenyekiti akasahau ajenda iliyofuata.

Hakuwa anajigamba bure. Kuna mwanaume aliwahi kuja dukani kutaka vipimo vya mkewe, eti mkewe ashonewe gauni la kumshtukiza. Fundi alimtazama juu ya miwani, akamwambia amlete mke mwenyewe. Jamaa akaondoka amenuna.

Vipimo vyote vilikaa kwenye daftari moja nene. Mwezi uliopita bomba la ghorofa ya juu likapasuka, daftari likalowa, wino ukatambaa, kiuno cha huyu kikahamia begani kwa yule. Ndipo binti wa kaka yake, anayesomea kompyuta, akampakulia programu ya mafundi kwenye simu. Ya bure, ina rangi tele na kamwanasesere kanakozunguka ukikagusa. Ikaomba kujua alipo. "Nipo hapa," fundi akaiambia, akabonyeza ndiyo. Ikaomba namba zote za simuni. Ndiyo. Ikaomba picha. Ndiyo. Hata posa haiitikiwi haraka hivyo.

Wa kwanza kuandikwa humo alikuwa Mwalimu, mteja wake kwa miaka kumi na moja, aliyekatwa titi la kushoto mwaka juzi kwa ugonjwa. Shuleni kwake hakuna anayejua. Fundi ndiye anayemshonea kifuko cha pamba ndani ya blauzi, na anakipima vizuri kiasi kwamba hata akiinua mkono kuandika ubaoni, huoni tofauti. Akaandika: "Mwalimu. Kushoto, pamba."

Kesho yake, akitafuta mtindo wa kola, simu ikamletea tangazo la matiti ya bandia, punguzo wiki hii.

Fundi aliilaza simu kifudifudi kwenye meza ya kukatia, akaifunika kitambaa. Halafu akaifunua, maana ndiyo hiyo hiyo ya kumpigia binti wa kaka yake.

"Inawezekana ni wenye programu," binti akasema. "Inawezekana siyo wao."

"Ipi sasa?"

"Haijulikani, shangazi. Ila nimesoma habari zao. Walishatozwa faini mara mbili kwa kuuza taarifa za watu."

"Na wewe ukaniwekea."

"Ilikuwa na nyota nyingi."

"Basi nimeifuta."

"Umefuta kwenye simu yako. Kwao bado ipo."

Fundi akakaa. Maisha yake yote kitu kikichanwa kilikuwa kimechanwa.

Binti akamtafutia nyingine. Wameitengeneza watu saba, hawajawahi kushikwa na lolote, na kila unachoandika kinafungiwa humo humo kwenye simu yako. Sura yake kama fomu ya polisi, na ni ya kulipia. Fundi, ambaye hanunui hata zipu bila kuulizia tabia ya muuzaji, akawaandikia wote, wa bure na wa kulipia, swali moja: nani ataona vipimo vya wateja wangu? Wale wa bure walijibu papo hapo: "Mpendwa mteja, siri yako ndiyo moyo wetu," na kapicha ka ua jekundu. Wale saba walijibu baada ya siku mbili: "Hatuwezi kuviona. Ukisahau neno la siri, hatuwezi kukusaidia."

"Hata salamu hamna," fundi akalalamika. "Wale wezi wana adabu kuliko hawa."

"Shangazi, hawana ufunguo. Ndiyo uzuri wenyewe."

"Mtu gani hana ufunguo wa duka lake?"

"Yule mwanaume wa gauni la kumshtukiza, ulimpa ua jekundu?"

Fundi akarudi kwenye cherehani. Lakini yeye alikuwa anavijua vile vipimo, akakataa kusema. Hawa hawajui kitu. Heshima ni ipi, kujua ukanyamaza, au kutojua kabisa? Aliwaza hivyo mpaka akashona mkono wa kulia upande wa kushoto. Akafumua.

Jumamosi Mwalimu akaja kujaribisha blauzi. Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, kisha akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza mikono ikiwa juu.

"Hayo matangazo yananijia tangu nitoke hospitali," akasema. "Nilidhani wewe umenisema."

"Mimi?"

"Nani mwingine alikuwa anajua? Si nilikuchunia nusu mwaka. Hukuona?"

"Nilidhani umenenepa unaona aibu."

Mwalimu akacheka, pini ikamchoma. Basi nani aliyesema? Wakataja hospitali, duka la dawa, simu ya Mwalimu, simu ya fundi, wakazunguka wakarudi hospitali, wakaacha.

"Sasa mimi utaniandika wapi?"

Fundi akamwonyesha ile yenye sura ya fomu. Mwalimu akaisoma taratibu, kama anasahihisha.

"Hawa hawajui hata jina langu?"

"Hata langu hawalijui. Mimi bado sijawaelewa."

"Mimi pia. Niandike humo."

Programu hiyo ni shilingi elfu kumi na nne kwa mwaka, na fundi ameshalipa.