Kopo la Mahindi Chini ya Kitanda cha Skolastika

Skolastika hakuiomba kazi ya kupima mahindi. Watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa cha Kilangala, ghala likajengwa, na akatafutwa mtu anayejua kusoma namba na asiye na ndugu wa kupendelea. Yeye na mumewe Eusebio walikuwa wageni, Wamakonde walioteremka kutoka uwanda wa juu wa Newala, ndugu hawakuwa nao hata wa dawa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abilahi, akamnyooshea kidole mkutanoni. "Huyu mama anafaa," akasema, watu wakapiga makofi, na mambo yakaishia hapo.

Alipelekwa Lindi mjini kufundishwa. Mwalimu wake alikuwa mkaguzi wa vipimo, Ndugu Huseni, mtu mpole anayefuta miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Akamwonyesha mashine ya kupima unyevu: kisanduku chenye kikombe cha chuma, mpini wa kubana punje, na mshale unaosogea juu ya namba. Mshale ukisimama kwenye kumi na tatu au chini yake, mahindi ni makavu, yanaingia ghalani. Ukipita hapo yana maji ndani, yataota ukungu na kuyaharibu ya wenzao, kwa hiyo yarudi nyumbani yakaanikwe.

"Na mashine yenyewe ikikosea?" Skolastika aliuliza.

Huseni akavua miwani. "Inaruhusiwa kukosea nusu juu au nusu chini. Ikizidi hapo, inarekebishwa."

Skolastika alirudi nyumbani na hilo kichwani, hakuliona kichwa wala miguu. Kosa linaruhusiwaje? Padri aliyemfundisha katekisimu hakuwahi kumwambia kwamba yapo makosa ya nusu ambayo hayahesabiwi.

Pamoja na mashine alipewa kopo la bati lililozibwa kwa nta, ndani yake mahindi. Mahindi hayo yalikuwa yamepimwa na wataalamu, yakajulikana ni kumi na tatu kamili. Mkaguzi akija, mashine itapimwa kwa hayo: ikisema kumi na tatu ni nzima, ikisema vingine inapotoka. "Lisikae karibu na moto, lisilowe, na wala lisifunguliwe," Huseni alisisitiza. Kwa kuwa paa la ghala lilikuwa linavuja, Skolastika akalisukuma kopo chini ya kitanda chake.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema na njaa ikaingia. Watu walipanga foleni ya unga wa njano, na wakati mwingine lori halikufika. Katikati ya shida hiyo Skolastika aliitwa Newala kumwuguza dada yake. Aliporudi alikuta watoto wamekonda lakini wazima, akamshukuru Mungu na mama mkwe wake, Bibi Rosalia, aliyebaki nao. Kopo lilikuwa palepale chini ya kitanda.

Msimu uliofuata mahindi yalikubali. Kabla ghala halijafunguliwa, Huseni akaja kukagua. Alilifungua kopo kwa kisu, akamimina punje, akabana, akatazama. Mshale ulisimama kwenye kumi.

"Mashine yako imeshuka," akasema.

"Imeshukaje? Sijaigusa."

"Vyombo huchoka, mama. Ndiyo maana tunakagua." Akazungusha skrubu kwa bisibisi taratibu mpaka mshale ukapanda na kusimama juu ya kumi na tatu. Akaziba kopo upya, akanywa uji, akaondoka.

Siku ya kwanza ya kupokea mahindi aliwahi jirani yake, Moza, mjane aliyelima peke yake na kuvuna kuliko wanaume wengi. Skolastika akabana punje zake. Kumi na tano.

"Mabichi, dada. Kayaanike."

Moza akatia punje mdomoni, ikavunjika kwa mlio. "Haya ndiyo mabichi?"

"Mashine ndiyo inavyosema."

Baada ya Moza wakaja wengine, na karibu wote walirudishwa. Wakaanika juu ya majamvi, juu ya mabati ya shule, wakarudi na mahindi yanayolia kama kokoto. Mshale ukateremka kidogo tu. Skolastika akachota mahindi ya shamba lake mwenyewe, akayabana. Yakakataliwa nayo. Akawaita wazee wayaonje kwa meno: mmoja akasema makavu, wa pili akasema bado siku mbili za jua, wa tatu akasema meno yake si ya kuulizwa tena. Akabaki amesimama na kikombe mkononi, hajui aiamini mashine, meno ya watu, au macho yake.

Maneno yakaanza kuzunguka. Wapo waliosema mashine imerogwa, na wapo waliosema mgeni anawakomoa wenyeji. Mzee Abilahi akamwita pembeni ya ghala.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuchagua. Hebu niambie, mahindi ya watu yana nini?"

"Shikamoo, baba. Wallahi sijui." Alishtuka kusikia kiapo cha majirani Waislamu kikitoka kinywani mwake.

"Marahaba. Hata mimi sijui. Ila mimi nitakaa mkutanoni Ijumaa, na watu watataka kujua."

Eusebio alimshauri aache kazi. Lakini angeiachaje bila kujua amefanya nini? Usiku alilala na kuamka na namba zile zile, na kila alipodhani ameshika uzi, ukamponyoka.

Asubuhi moja alikuwa jikoni na Bibi Rosalia wakipukuchua mahindi, na machozi yakamtoka. Mama mkwe akaacha kupukuchua.

"Mama Yustina, unalia nini?"

Akamweleza yote: mashine, mkaguzi, kopo, kumi iliyogeuzwa kuwa kumi na tatu. Rosalia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Kwani kopo lile lilikuwa na kazi?"

"Kazi gani tena, mama? Si ndilo linalopimia mashine!"

"Mimi nilidhani ni akiba ya serikali." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Ulipokwenda Newala lori halikuja. Wajukuu walilia mpaka sauti zikakauka. Nikalifungua, nikawapikia. Lakini mimi si mwizi, mwanangu. Tulipovuna nililijaza, nikaziba kwa nta ya nyuki. Nilirudisha mazuri kuliko yale! Niliyatoa darini, juu ya moto, makavu kabisa. Sikutaka serikali iseme nimewalipa mabaya."

Skolastika akatazama dari iliyojaa masizi juu ya mafiga. Alitaka kukasirika, hasira haikuja. Alitaka kucheka, nacho kicheko kikakwama. Mashine ilipoyasoma mahindi ya Rosalia na kusema kumi, ilikuwa inasema kweli, na kwa kusema kweli ikaharibiwa.

Hakungoja mkutano. Alipanda lori la kwenda Lindi, mashine mapajani, akamkuta Huseni ofisini akamsimulia, ila alisema tu "watu wa nyumbani walikula". Huseni akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Niliona nta," akasema. "Ilinukia asali. Nikadhani ndivyo lilivyozibwa lilikotoka."

Akatoa kopo lake la ofisini, akapima, akaurudisha mshale chini. Kisha, kama aliyeona haya, akapima tena mahindi yale yale. Safari hii mshale ulisimama chini kidogo ya pale ulipokuwa. "Umo ndani ya ruhusa," akasema haraka. Skolastika akamwuliza nani aliyelipima kopo la ofisini. Huseni akasema liliteremshwa kutoka Dar es Salaam. Na la Dar es Salaam? Hilo, Huseni akasema, hakuwahi kuuliza.

Mkutanoni Skolastika alieleza kwamba mashine ilikuwa imepotoka na sasa imetengenezwa. Mzee Abilahi akawaambia watu walete tena. Mahindi yakapita, ghala likajaa, na mama mkwe hakutajwa. Lakini wengine walikuwa wamekwisha kuyatoa kwa bei ya kutupa kwa wapita njia, na ya Moza, yaliyokaa uani muda mrefu yakianikwa na kuanuliwa, yalikuwa yameingiwa na dumuzi. Moza alimwuliza mbele za watu, "Basi siku ile, yangu yalikuwa makavu au mabichi?"

"Nadhani yalikuwa makavu, dada."

"Unadhani?"

Zaidi ya hapo Skolastika hakujua. Moza akamnunia msimu mzima, kisimani na njiani.

Aliendelea na kazi ile miaka kadhaa. Alizoea kubana punje za kila mtu mara tatu, akaliandika jibu la katikati, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Kopo jipya alilifungia kwenye sanduku la nguo. Msimu wa pili Moza alitokea mlangoni mwa ghala na gunia lake, akalitua chini bila salamu.

"Pima," akasema.

Skolastika akachota kikombe, na Moza akasogea karibu autazame mshale mwenyewe.